Kati ya Sentensi na Sentensi Kuna Nini?

Insha niliyoisahihisha wiki iliyopita ilikuwa na sentensi kumi na tisa. Kumi na sita kati yake zilianza na kiunganishi, na kila kiunganishi kilifuatwa na mkato uliokaa mahali pake. Mwandiko safi, hakuna neno lililokosewa herufi. Mada ilikuwa umuhimu wa Ziwa Victoria kwa wakazi wa Mwanza, na mwandishi ni binti wa kidato cha pili anayehudhuria masomo ya ziada ninayofundisha jioni hapa Kirumba. Kwa ruhusa yake nanukuu kipande:

"Kwanza kabisa, Ziwa Victoria hutupatia samaki na maji. Aidha, sangara waliletwa ziwani katika miaka ya 1950. Hata hivyo, furu wamepungua. Kwa hiyo, tunapaswa kulitunza ziwa letu. Vilevile, wavuvi wengi hupata ajira. Isitoshe, wageni huja kuliona Jiwe la Bismarck."

Soma tena, polepole. "Aidha" inatuambia kwamba kinachofuata ni nyongeza ya kilichotangulia, lakini kuletwa kwa sangara si faida ya pili ya ziwa. Ni tukio la historia. "Hata hivyo" inatuandaa kupokea jambo linalokinzana na tulilosoma. Furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, kupungua kwao kunakinzana na nini? Kama sangara, samaki mkubwa anayewinda samaki wenzake, ndiye aliyewala, basi hapo hakuna ukinzani, kuna chanzo na matokeo. Kisha "kwa hiyo" inadai kwamba tumeshaonyeshwa sababu ya kulitunza ziwa, na sababu hiyo haijatajwa bado. Msomaji anageuzwa kulia, anageuzwa kushoto, na mwisho wa aya yupo palepale alipoanzia.

Nilikaa na daftari lile muda mrefu kabla ya kuandika chochote pembeni, maana kosa lile nalijua lilikotoka. Limetoka kwenye orodha. "Maneno ya Kuunganisha Mawazo", yameandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila na kubandikwa ukutani: ya kuongeza, ya kupinga, ya kuonyesha sababu, ya kuhitimisha. Nami niliibandika nilipokuwa nafundisha sekondari. Niliwaambia wanafunzi wakariri, wakakariri. Waliotumia mengi nikawaongezea alama. Mwalimu mwenye madaftari themanini mezani akiona neno "isitoshe" anaona juhudi, na juhudi ni vigumu kuinyima alama.

Leo naamini tulikuwa tunafundisha kinyumenyume. Kiunganishi, pamoja na jina lake, hakiungi mawazo. Kazi yake ni kumtangazia msomaji uhusiano ambao tayari upo kati ya wazo na wazo. Uhusiano huo usipokuwepo kichwani mwa mwandishi, neno peke yake haliwezi kuuzaa. Tukimpa mwanafunzi neno kabla hajajiuliza mawazo yake mawili yanahusianaje, tunamfundisha kutoa ahadi kwa msomaji bila kujua kama anaweza kuitimiza.

Ushahidi wangu wa kwanza uko kwenye soko la samaki la Mwaloni, mwendo mfupi tu kutoka hapa ninapofundisha.

Kuna mama ninayenunua kwake dagaa. Juzi nilikuta sado, yaani kopo la kupimia, imepanda bei, nikamuuliza kulikoni. Akanijibu huku mkono wake ukiendelea kuchambua takataka kwenye turubai: "Ng'wanawane (mwanangu), mwezi ni mkubwa. Mwezi ukiwaka hivi taa haziwavuti dagaa, ndiyo maana wavuvi wengi hawajaingia ziwani. Hawa unaowaona ni wa juzi. Ila kama una haraka chukua tu, nitakuongezea kidogo. Kama huna, subiri giza lirudi."

Hebu tazama alivyojenga. "Ukiwaka" imebeba sharti ndani ya kitenzi chenyewe. "Ndiyo maana" imefunga hoja: mbalamwezi, taa kutofanya kazi, mitumbwi kubaki nchi kavu, bei kupanda. "Ila" imeyageuza mazungumzo kutoka kwenye maelezo kwenda kwenye biashara. Kisha "kama" mbili zimeniwekea njia mbili mbele yangu nichague. Ukiondoa neno moja hapo, hoja inalegea. Ukiongeza moja, mathalani "aidha" kabla ya "mwezi ni mkubwa", kila anayesikia atashangaa, kwa sababu hakuna mtu sokoni anayeongeza juu ya kitu ambacho hakijasemwa.

Binti wa insha ile naye anaweza. Siku moja alichelewa kufika, akaniambia: "Shikamoo mwalimu. Nisamehe, daladala imetuharibikia Buzuruga, konda akatuambia tusubiri nyingine, ila ilipokuja ilikuwa imejaa, basi nikaamua kutembea mpaka Mabatini ndipo nikapata gari." Sentensi moja, viungo vya kila namna, na sikupotea hata hatua moja. Ufundi anao mdomoni. Unapotelea wapi anaposhika kalamu?

Nadhani unapotea kwa sababu mbele ya karatasi hakuna mtu wa kumwitikia. Mswahili hasimulii peke yake. Kuna anayesema "enhee?", kuna anayekatiza "ikawaje sasa?", kuna anayebisha "si umesema jana walikuwepo?" Maswali hayo ndiyo yanayovuta viunganishi kutoka kinywani. "Kwa nini?" huleta "kwa sababu". "Ikawaje?" huleta "basi" na "kwa hiyo". "Kama nini?" huleta "kwa mfano". "Lakini si umesema…?" huleta "hata hivyo" na "ingawa". Anayeandika insha anapaswa kujifanya msimulizi na msikilizaji kwa pamoja, ayasikie maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Orodha ya ukutani inampa majibu bila maswali yake.

Wataalamu wameshayapanga majibu hayo. M.A.K. Halliday na Ruqaiya Hasan, walipochambua Kiingereza katika kitabu chao cha 1976, waliyagawa mahusiano haya katika mafungu manne: nyongeza, ukinzani, sababu na wakati. Mgawanyo huo ni mzuri na mtu anaweza kuutumia kukagua Kiswahili pia. Tatizo ni kwamba mafungu mawili kati ya hayo, wakati na sababu, ni majirani wa karibu mno, na insha nyingi huvuka mpaka wao bila kujua. Jambo la pili limetokea baada ya la kwanza. Mwandishi anaandika "kwa hiyo".

Turudi kwa sangara, maana hapo binti yule aligusa jambo zito kuliko alivyodhani. Sangara walipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Furu walikuwa wa mamia ya aina, wengine wakila mwani, wengine konokono, wengine wakiwinda samaki wenzao. Watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, na hawakumaliza hata miaka kumi kabla furu wengi hawajatoweka kwenye nyavu zao. Katika miaka hiyohiyo ya 1980 sangara walifurika ziwani.

Sasa mwandishi aweke neno gani kati ya "sangara waliletwa" na "furu walipungua"? Akiweka "baada ya hapo", atakuwa amesema kweli lakini kidogo mno. Akiweka "kwa hiyo", msomaji makini atauliza: mbona ilichukua zaidi ya miaka ishirini? Kulikuwa na uvuvi uliozidi. Kulikuwa na udongo na mbolea kutoka mashambani, mwani ukaongezeka, maji ya kina yakapungukiwa oksijeni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha jambo jingine la ajabu: maji yakichafuka, furu jike anashindwa kutambua rangi ya dume wa aina yake, wakazaliana ovyo na tofauti za aina zikafutika. Hapo hakuna aliyeliwa, na bado aina zimepotea. Hivyo kati ya sentensi zile mbili fupi kuna mjadala wa miaka mingi, na kiunganishi kimoja kinatosha kumweka mwandishi upande fulani wa mjadala huo bila mwenyewe kujua. "Kwa sababu ya sangara" ni dai. "Hasa kwa sababu ya sangara" ni dai jingine. "Sangara walipoongezeka, huku maji nayo yakichafuka" ni dai la tatu, na mimi naliona kuwa la haki zaidi.

Ndiyo maana nasumbuka ninaposikia watu wakiyaita maneno haya mapambo ya insha. Ndani ya neno "kwa hiyo" kuna hukumu, na mwandishi anapaswa kuwa tayari kuulizwa ushahidi wake.

Naomba niseme kidogo kuhusu maneno machache yanayoumizwa zaidi. "Aidha" asili yake ni Kiarabu na maana yake ni pia, vilevile. Siku hizi vijana wengi, na hata watangazaji, wanaitumia kwa maana ya "ama": "aidha aje leo au kesho". Wamevutwa na neno la Kiingereza "either", linalotamkwa karibu sawa nalo. Matokeo yake msomaji anayekutana na "aidha" mwanzoni mwa sentensi hana hakika kama anaongezewa jambo au anapewa nafasi ya kuchagua. Sisi tuna "ama" yetu, tena inakaa vizuri ikirudiwa: ama aje leo ama kesho.

"Bali" inahitaji kukanusha kwanza. Dagaa hawavuliwi mchana bali usiku. Lakini mtu akiandika "nilikwenda Ukerewe bali sikumkuta", amelitoa neno kwenye kazi yake. Hapo panahitaji "lakini". Na "wakati" imekuwa mzigo wa kila mtu. "Baba anavua wakati mama anauza dagaa" inanieleza saa, au inanieleza tofauti ya kazi zao? Kama ni tofauti, "ilhali" ipo, na inasubiri kutumiwa. Kuhusu "ingawa" kufuatwa na "lakini", kuna walimu wanaikata kwa wino mwekundu. Mimi siikati. Wazee wetu husema "ingawa ni mdogo lakini ana akili" na hakuna aliyewahi kushindwa kuwaelewa. Katazo hilo linafanana mno na kanuni ya Kiingereza iliyovishwa kanzu. Na "sembuse", neno zuri kuliko mengi, sijawahi kuliona kwenye orodha yoyote ya ukutani. Hana hata sado moja, sembuse gunia. Lugha ngapi zinaweza kupanda ngazi kwa neno moja namna hiyo?

Hata hivyo, maneno ni sehemu ndogo ya habari yenyewe, na hapa ndipo orodha zetu zinapotukosesha zaidi. Kiswahili huunganisha mambo mengi bila kiunganishi chochote kinachosimama peke yake. Kinaunganisha ndani ya kitenzi. Mwanafunzi mwingine wa darasa lilelile aliandika hivi:

"Mvua ilinyesha usiku. Halafu Mto Mirongo ulijaa. Halafu maji yaliingia madukani. Kisha wafanyabiashara walihamisha bidhaa zao."

Nilimwambia afute kila "halafu" na "kisha", kisha anisimulie kama anamsimulia bibi yake. Akasema: "Mvua ilinyesha usiku, Mirongo ukajaa, maji yakaingia madukani, wafanyabiashara wakahamisha bidhaa zao."

Silabi moja, "ka", imefanya kazi ya maneno matatu, tena kwa kasi inayofanana na maji yenyewe. Na tazama kilicho mbele ya "ka": "u" ya mto, "ya" ya maji, "wa" ya watu. Ngeli zinamshika msomaji mkono, zinamwambia kila hatua ni nani anayetenda. Ongeza "alipo", "aki", "ange", "nao", "huo", na utaona kwamba lugha hii imefumwa kwa viungo kabla hata hujafungua orodha. "Furu wakapungua, ningu nao wakaadimika." Neno "nao" limebeba nyongeza yote, na limekaa katikati ya sentensi kwa utulivu, bila mkato wala kishindo. Au chukua kiashiria: ukimaliza sentensi moja kwa kusema furu wamepungua, na ukaanza inayofuata kwa "upungufu huo", umeziunganisha kwa nguvu kuliko "zaidi ya hayo" kumi, kwa kuwa umelichukua wazo la kwanza zima ukaliweka mikononi mwa la pili.

Nina dhana kuhusu chanzo cha hali hii. Mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anaingia sekondari anakutana na Kiingereza katika karibu kila somo, na huko anafundishwa kuanza aya kwa maneno ya kuhesabu na kuongeza. Anaporudi kwenye kipindi cha Kiswahili anakuja na kiunzi kile, anajaza "aidha" na "isitoshe" kwenye nafasi zilezile. Kiunzi si kibaya kwa lugha yake. Kwetu kinalazimisha kila sentensi kuvaa kofia, ilhali nyingi zilikuwa zinajitosheleza bila kofia.

Lazima niwe mkweli: wapo wanaohitaji orodha. Katika darasa langu kuna vijana waliotoka vijijini Kwimba na Magu, waliokua wakiongea Kisukuma nyumbani na kukutana na Kiswahili sawasawa shuleni. Wengine wametoka visiwani. Kwao maneno kama "madhali" au "almuradi" hayakuja na maziwa ya mama, na kuyaona yamepangwa mahali pamoja ni msaada wa kweli. Sitaichana karatasi ile ya manila. Lakini hata hao hawakuja watupu. Kijana aliyetoka Kwimba anajua "kunguno", yaani "kwa sababu" kwa Kisukuma, tangu hajaota meno ya utu uzima. Amewahi kumweleza mama yake kunguno ng'ombe wameingia shambani kwa watu. Sababu na matokeo anavijua. Anachohitaji ni kuonyeshwa kwamba "kwa sababu" ni chombo kilekile alichonacho nyumbani, halafu aachwe akitumie kwa jambo analolijali.

Kwa hiyo nimebadilisha ninavyofundisha. Mwanafunzi akileta insha, nachukua penseli na kuvifunika viunganishi vyote, kisha namwomba asome kwa sauti. Mahali palipofunikwa tunasimama, namuuliza swali moja tu: kati ya sentensi hii na hii kuna nini? Mara nyingi jibu ni "hakuna kitu, mwalimu", na hapo kazi inakuwa ya kuhamisha sentensi, si ya kutafuta neno. Mara nyingine uhusiano uko wazi kiasi kwamba neno halihitajiki, tunaacha nafasi ile tupu. Na mara chache, pengine mara nne au tano katika ukurasa mzima, msomaji atapotea kweli bila msaada. Hapo ndipo tunapolitafuta neno, na tukilitafuta tunalichagua kama fundi wa Mabatini anavyochagua jiwe la msingi kule mlimani. Fundi yule nimemtazama mara nyingi. Analigeuza jiwe, analikalisha kavu juu ya wenzake, analitikisa kwa kiganja. Likicheza analitoa. Saruji inakuja baadaye, jiwe likishakaa lenyewe.

Njia hii inachukua muda. Kwa darasa la wanafunzi themanini haiwezekani kila wiki, nami silaumu mwalimu anayeshindwa. Lakini aya moja kwa mwezi, ubaoni, mbele ya wote, inawezekana, na wanafunzi huipenda kwa sababu inageuka ubishi. Siku tuliyoifanyia kazi aya ya sangara walibishana mpaka giza likaingia. Mmoja ambaye baba yake ni mvuvi alisimama kumtetea sangara kwa sababu ndiye aliyemlipia ada.

Binti yule aliiandika upya insha yake nyumbani. Imekuwa na sentensi kumi na moja. Kipande cha sangara sasa kinasomeka hivi: "Sangara waliletwa ziwani katika miaka ya 1950. Zaidi ya miaka ishirini baadaye wakafurika, na katika miaka hiyohiyo furu wakaanza kutoweka. Maji nayo yalikuwa yanachafuka."

Nilimuuliza kwa nini amefuta "kwa hiyo".

"Mwalimu, sijajua bado kama sangara ndiye aliyewamaliza peke yake."

Amechukua likizo hii kwenda kumuuliza babu yake wa Igombe, aliyevua ziwani miaka hiyo. Atarudi na aya ya pili shule zikifunguliwa.